Miti ya Nyumba Yako Haina Ndevu

Nyumbani, mtaa wa juu,
Jumapili asubuhi, mvua imekatika.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani, zenye baridi yake na upendo wake. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mdogo mnayembeba, ameshaota meno? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa uzima wenyewe wa mwaka huu una matundu, kama utakavyoona mbele. Mama anakusalimu. Magoti yake yanagoma anapopanda ngazi, lakini ulimi wake haujawahi kugoma, na jana alimfukuza muuza mitumba kwa maneno matupu.

Barua yako ilifika salama. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, mara ya pili niliisoma kwa yale macho yangu mengine unayoyajua. Uliuliza nyumba yako ikoje kabla hujauliza mwanao yukoje. Labda ni kalamu tu iliyotangulia. Nimeliweka hilo pembeni, tutalirudia.

Basi mimi nianze na mtoto. Chiriku wetu, uliyeniachia nimlee, amenyamaza. Jina hilo ulimpa mwenyewe, kwa vile alikuwa akifumbua macho anafumbua na mdomo, na hafungi mpaka alale. Miezi hii akiamka kinachotangulia si maneno, ni kikohozi kikavu kinachomkunja tumbo. Jua likipanda kinapungua, kesho asubuhi kinarudi. Daktari wa zahanati alisema ni baridi ya mlimani. Sikumwamini. Baridi hii imetulea mimi na wewe tukitembea pekupeku, wala hatukukohoa hivyo. Nilimwuliza daktari baridi hiyo imeanza lini, akacheka, akaandika dawa ya maji yenye rangi nyekundu.

Unanijua. Mama husema ningezaliwa paka ningenusa hata maziwa ya mama yangu kabla ya kunyonya. Na kazi ya cherehani inanizidishia, maana mtu akikaa mlangoni kutwa, mikono ikashona yenyewe, macho hayana kazi nyingine ila kutazama. Nilikuwa nikianika shati jeupe la shule alfajiri, nikilianua lina vumbi la kijivu mabegani, vumbi lisilotoka kwa kukung'uta. Machale yakanicheza. Nilijua kuna mtu anatuharibia hewa, ila sikujua ni nani.

Hapo ndipo alipotokea Mama Lenzi. Si jina lake, ni jina tulilompa sisi. Ni mwanamke wa makamo, anavaa buti za mpira, na shingoni ametundika kioo kidogo cha kukuzia vitu mahali ambapo wengine huvaa mkufu. Kutwa alikuwa akisimama mbele ya miti. Anaweka kwenye shina fremu ya waya yenye vijumba vijumba, usawa wa kifua, anasogeza jicho mpaka pua inagusa gome, ananong'ona peke yake, anaandika, anahamia upande wa pili wa mti huohuo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikajisemea huyu anapima barabara inayopanuliwa, na siku moja tutaamka nyumba zetu zimepigwa alama nyekundu. Nikamfuata mtaa mzima nikijidai napeleka gauni kwa mteja. Gauni lile nililibeba mpaka likakunjamana, na ikabidi nirudi kulipiga pasi upya.

Mwishowe aligeuka. "Dada, umechoka kunifuata au bado? Njoo uone."

Nikaweka jicho kwenye kioo chake. Mdogo wangu, ule ukoga wa kijivujivu unaoota mitini, ambao tangu utotoni tuliuona ni uchafu wa mti, una sura. Kuna vikombe vidogo kuliko kichwa cha pini. Kuna majani yaliyojikunja kingo kama pindo lililoshonwa vibaya. Wataalamu wanauita kuvumwani, kwa sababu ni kuvu na mwani walioamua kuishi pamoja, mmoja anajenga nyumba na mwingine anapika. Hauna mizizi, aliniambia, unakula na kunywa kile kinacholetwa na hewa na mvua, kwa hiyo hewa ikichafuka ndio wa kwanza kuumia. Nikamwuliza nani amemtuma. Akasema chuo. Nikamwuliza chuo nacho kimetumwa na nani. Alicheka sana, mimi sikucheka.

Siku chache baadaye aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, akatueleza vizuri. Kuna kuvumwani ya ganda, iliyokauka kwenye gome kama rangi iliyomwagika. Kuna ya majani. Na kuna ya ndevu, ile inayoning'inia, tuliyokuwa tukijibandika kidevuni mimi na wewe tukimwigiza babu akidai chai. Hewa ikianza kuharibika ndevu hufa kwanza, majani hufuata, ganda huvumilia mpaka mwisho. Mtaa wenye aina nyingi, watu wake wanavuta hewa nzuri. Mtaa wenye ganda tupu, au miti mitupu kabisa, ujiulize una nini. Akasema mji wetu umekaa bondeni, na asubuhi za baridi hewa ya joto iliyo juu huifunika ile ya baridi iliyo chini kama kifuniko cha sufuria, hivyo moshi wa kila mtu unabaki nasi mpaka jua lipande. Nikakifikiria kikohozi cha Chiriku kinavyokwenda na saa za jua. Kwa mara ya kwanza nikamsikiliza yule mama bila kumtilia shaka, au tuseme nilimtilia kidogo tu.

Sasa sikia tulichofanya, na ukitaka kucheka cheka. Katika mkutano mzima mwenyekiti wa mtaa wetu alisikia neno moja, kwamba miti ya kila mtaa itakaguliwa. Kesho yake akapita nyumba hadi nyumba akitangaza usafi wa Jumamosi, mtaa wetu hautatiwa aibu mbele ya mgeni. Tukatoka na brashi, sabuni, majivu na visu butu vya kukwangulia. Tukaisugua miti kama masufuria yaliyoungua. Mimi nilitoa vitambaa. Mama alitolewa kiti nje, akasimamia, akinyoosha kidole kila palipobaki doa. Tulipomaliza tukapaka chokaa mpaka usawa wa kiuno, mtaa ukang'aa, miti imepangana kama wanafunzi waliovaa soksi nyeupe. Mwenyekiti akapiga picha.

Mama Lenzi alipokuja na fremu yake alisimama katikati ya njia. Aliutazama mti wa kwanza, akautazama wa pili, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi.

"Nilikuja kuwahoji mashahidi," alisema, "nanyi mmewaogesha mpaka wamekufa."

Mwenyekiti akamjibu kwa heshima zote kwamba kama anapenda mtaa mchafu, aende ule wa bondeni.

Bila shaka nilimshuku mwenyekiti. Nani anafuta kitu bila kuficha kitu? Nikamchunguza, nikapita nyuma ya nyumba yake na kisingizio cha kutafuta kuku ambaye sina. Anapikia gesi. Taka zake amezipanga kwenye mifuko na kuifunga vifundo. Ni mtu anayependa usafi tu, maskini, na siku hizi nikimwamkia nasikia haya kidogo.

Kutoka kwake nikahamia kwa mwoka mikate, jirani yetu wa kona. Bomba lake linafuka tangu alfajiri, na panapofuka moshi pana moto. Asubuhi moja nilitoka kumshika mtoto akikohoa mpaka machozi, nikaenda moja kwa moja pale, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anaoka mikate kwa mapafu ya watoto wetu. Alinitazama akiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Dada, lete ushahidi nitazima tanuru leo leo," alisema. "Usipoleta, mikate utanunua mtaa mwingine."

Mama Lenzi akasema ushahidi unapatikana. Kwa kuwa mashahidi wa hapa tumewaogesha, ataleta wa kutoka mbali. Alipanda mpaka kwenye msitu wa juu, kule anakokaa mama mkubwa, ambako ndevu bado ni ndefu mpaka zinagusa kofia ya mpita njia. Akaokota zilizoanguka na matawi. Mimi nikashona vifuko kutokana na chandarua kuukuu, vyepesi, hewa na mvua vipite bila kizuizi. Nilijivuna, maana vilitoka vizuri. Tukatundika kimoja karibu na tanuru la mikate, kimoja shuleni, kimoja dirishani kwangu. Cha mwisho alitaka kiwe mtaa wa pili chini yetu, mahali penye utulivu. Mimi ndiye niliyesema tukitundike kwenye mti ulio nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, lile tawi linalovuka ukuta na kuingia kichochoroni. Nilimwambia pale ni kwetu, hakuna wa kutuhujumu.

Mvua zilikuja zikapita, tukavishusha. Kile cha mwoka mikate kilikuwa hai, ndevu laini, ukizinyunyizia maji zinalainika na kurudia rangi yake. Moshi wake si dawa, alisema Mama Lenzi, lakini anachoma kuni kavu na bomba lake ni refu, unakwenda zake. Nilikwenda kumwomba radhi. Amenisamehe kwa maneno, ila tangu siku hiyo ananiuzia mkate wa jana. Cha shule kilikuwa kizima. Cha dirishani kwangu kilipauka. Cha mti wako kilikuwa kimekufa, kimegeuka kahawia yenye weupe, na nilipokigusa kilisagika vidoleni.

Nilichofikiria kwanza ni kwamba kuna mtu amekimwagia kitu. Nikashona kingine, tukakipandisha juu zaidi, nikatangaza mtaani kwamba kiko kwingine kabisa. Nacho kikafa vilevile. Ndipo Mama Lenzi akaingia kichochoroni na darubini, akaanza kuitazama miti yako juu ya ukuta. Ile hakuna aliyeisugua, siku ya usafi tuliposhuka mpaka mtaa ule tulikuta geti limefungwa. Haikuwa na ndevu, haikuwa na majani, haikuwa hata na ganda. Ilikuwa mitupu kama miguu ya meza. Akaniuliza kwa upole mwenye nyumba ni nani, kwa sababu hakujua kuwa mdogo wangu niliyemtaja ndiye mwenye nyumba yote, alidhani unapanga chumba. Nikasema nitauliza.

Nilirudi kwenye cherehani yangu, na juu ya meza palikuwa na ovaroli ya mpangaji wako. Tangu ahamie ananiletea hizo nizitie viraka. Anashukuru, hana maneno mengi, na wewe ulituambia anahifadhi vipuri vya magari. Siku zote nilidhani matundu yale ni ya cheche za kuchomelea vyuma. Siku ile nikaifunua mbele ya mwanga. Cheche huacha tundu dogo lenye ukingo mweusi, mgumu. Haya hayakuwa na weusi wowote, kitambaa kilikuwa kimeliwa tu, ukivuta uzi unakatika wenyewe. Nimewahi kuona nguo ya namna hiyo mara moja, suruali ya baba, ile siku alipobeba betri ya lori begani na asidi yake ikamvujia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitia viraka.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea ovaroli yake kabla jua halijatoka mlimani. Sijafika getini, koo likanikaba. Ni harufu ya kiberiti na ya chuma, na inabaki kwenye ulimi. Moshi haukuwa na bomba. Ulikuwa umelala juu ya bati la jiko lako la nje, ukiteremka ukutani taratibu kama maziwa yaliyofurika. Nikasukuma geti bila kubisha. Uani, pale Mama alipokuwa akianika nafaka, pamejaa maganda ya betri za magari yaliyopasuliwa. Kuna tanuru la matofali, na juu yake chungu cha chuma chenye kitu kinachong'aa. Anayeyusha risasi, madini yale mazito yaliyomo ndani ya betri, anaimimina kwenye vibati igande auze. Asidi ameimwaga mferejini, na mfereji ule unajua unapita kichochoroni wanakochezea watoto.

Hakushtuka. "Dada, umeleta ovaroli? Asante, weka hapo."

Nikamwuliza kama anajua mtaa huu una watoto.

"Mimi ni mpangaji tu," alisema. "Mwenye nyumba anaijua kazi yangu. Hata hili jiko la nyuma alinichagulia yeye, lisionekane kutoka njiani. Muulize ndugu yako."

Sikumwamini. Ni mtu anayetabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na watu wa namna hiyo mimi siwaamini hata wakiniambia mvua inanyesha nami nimelowa. Nilirudi nikimtukana moyoni njia nzima. Lakini nilipofika mlangoni matusi yalikuwa yamekwisha, yamebaki yale mambo niliyoyaona zamani nikayaacha yapite kwa sababu ni yako. Ukuta ule uliuongeza urefu likizo yako ya mwisho, ukasema ni kwa ajili ya wezi, wakati mwizi wa mwisho wa mtaa wetu aliiba kuku na sote tulimjua. Ulituambia tusijisumbue kwenda kwa mpangaji, mtamalizana kwenye simu. Hayo nimeyageuza huku na huku nikiyatafutia sababu njema, nikazipata, ingawa kwa kuvuta kama kitambaa kisichotosha.

Kuna moja halitoshi hata nikivuta vipi. Siku unaondoka ulimshika Chiriku mkono, ukamwambia asikanyage kule nyumbani kwako, wala asicheze kichochoroni. Mpangaji alikuwa hajahamia. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema ni kwa sababu ya kisima. Mdogo wangu, kisima kile baba alikifukia kabla hujaoa. Mawe tulibeba mimi na wewe.

Nimejaribu kukutetea, na kazi hiyo siiwezi vizuri, unajua mimi ni hodari wa ile nyingine. Nimejiambia labda ulisahau. Nimejiambia labda mtu yule alikueleza ni betri chache tu, kazi ndogo ya uani, ukavaa miwani ya mbao kwa sababu kodi inamsomesha mtoto. Ninaloliogopa zaidi ni hili, kwamba ulijua ni sumu, ukadhani sumu ina adabu ya kusimama kwenye ukuta. Ulijenga ukuta, ukamweka mwanao upande wa pili, ukaona umemaliza. Nimekukasirikia mpaka mikono imekataa kuingiza uzi kwenye sindano, na bado nikisikia hatua za mtu njiani jioni nadhani ni wewe unakuja.

Chiriku sasa yuko kwa mama mkubwa, kule juu mpakani mwa msitu. Mama Lenzi ndiye aliyenishauri nimpandishe. Daktari wa zahanati nilipomweleza habari za betri hakucheka tena, alimtoa damu ikapelekwa hospitali kubwa kupimwa kama risasi imemwingia mwilini. Majibu hayajarudi. Juzi nilipanda kumwona. Kikohozi kimepungua sana, na ameanza tena kuongea, mpaka mama mkubwa analalamikia masikio yake. Alikuwa amejibandika ndevu za mti kidevuni, anadai chai kwa sauti ya kukwaruza. Hajawahi kumwona babu, hayo amefundishwa na wewe. Nikatoka nje nikalia, kisha nikarudi nikamtengenezea chai.

Aliniuliza kama baba anajua kwamba alikuwa anaumwa. Nikamwambia nitakuandikia.

Ijumaa Mama Lenzi atatandaza ramani yake kwenye ukumbi wa shule mbele ya watu wa halmashauri. Mimi nimeshaiona. Mitaa imepakwa rangi kwa kadiri ya aina za kuvumwani zilizopatikana na hali ya vile vifuko. Kule juu ni kijani, kwetu ni njano, na mtaa wa pili chini yetu kuna doa jekundu. Hakuandika jina la mtu, kwa sababu bado hajui, na kwa sababu si kazi yake. Lakini watauliza. Watakapouliza nitasimama, nitasema nyumba ile ni ya mdogo wangu wa tumbo moja, na yanayofanyika uani kwake nimeyaona kwa macho yangu. Mama aliposikia hivyo aliniambia damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia ndiyo, na ya Chiriku iko kwenye chupa inapimwa. Aliyasugua magoti yake. Halafu akasema siku hiyo nivae lile gauni langu la bluu, nisiende kusimama mbele za watu kama niliyetoka jikoni.

Barua hii itakufikia Ijumaa ikiwa imepita, na nimekusudia hivyo, usipate nafasi ya kunibembeleza. Kwenye simu wewe ni fundi, utanichekesha, utamwita Mama, utajitia hamnazo, na mpaka salio liishe nitakuwa ndiye mwenye makosa. Lakini siku itakayokufikia, kabla hujaiweka chini, mpigie mpangaji wako azime moto ule na atoke. Hilo si ombi.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kifuko kimojawapo, kile cha kwanza kutoka kwenye mti wako. Kifungue taratibu. Ukikuta unga mtupu usidhani kimeharibika njiani, ndivyo nilivyokishusha.

Nisalimie wifi yangu, umwambie sina neno naye, na kama naye hakujua basi msome naye barua hii. Mbusu yule mdogo. Mama mkubwa anakusalimu. Mwenyekiti anakusalimu, hajui bado. Hata mwoka mikate alipoona naandika aliniambia nikutumie salamu zake, akanipa na mkate wa leo, sijui amesikia nini.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe usingizi kwa kadiri ya ulichokijua.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe. Sihitaji maelezo marefu, marefu nitayashuku. Nitakapoifungua barua yako nitatafuta jambo moja tu, baada ya salamu umeanza na nini. Ukianza na ukuta, nitakuwa nimejibiwa. Ukianza na mpangaji, au na Ijumaa, au na jina lako mbele za watu, nitakuwa nimejibiwa vilevile. Anza na mtoto, mdogo wangu. Nakuomba sana, anza na mtoto.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda hata ninapokushuku.